Kwanzaa na Nguzo Saba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Desemba ikikaribia, Waswahili wanaoishi Marekani na kwingineko ughaibuni huanza kupata mialiko ya hafla ambayo maneno yake karibu yote ni ya Kiswahili, ingawa waandaaji wengi hawakisemi. Hapo maswali huwa mengi: hii sherehe ni ya nani, kwa nini lugha yetu, na mgeni afanye nini akifika? Hapa chini tumejibu yale yanayorudiwa zaidi, pamoja na vipimo na taratibu kwa anayetaka kuandaa mwenyewe.

Kwanzaa ni nini?

Ni sikukuu ya siku saba, kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari, inayoadhimishwa hasa na Wamarekani Weusi. Kila siku ina nguzo yake. Jioni familia inawasha mshumaa, inaizungumzia nguzo ya siku hiyo, na kila mmoja anaeleza ameifanyia kazi vipi mwaka unaokwisha na atafanya nini mwaka ujao. Mazungumzo hayo ndiyo sherehe yenyewe. Ukiona watu wamewasha mishumaa, wamepiga picha na kwenda zao, ujue sehemu kubwa imeachwa.

Ni dini?

Hapana. Wanaoiadhimisha ni Wakristo, Waislamu, wafuasi wa dini za jadi na wasio na dini. Mwanzoni mwanzilishi wake aliikusudia iwe mbadala wa Krismasi. Baadaye alieleza wazi kwamba haishindani na imani ya mtu yeyote. Nyumba nyingi hula Krismasi tarehe 25 na kuwasha mshumaa wa kwanza kesho yake.

Nani aliianzisha, na kwa nini wakati ule?

Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani Mweusi, mjini Los Angeles. Agosti 1965 mtaa wa Watts ulilipuka kwa ghasia zilizodumu siku sita na kuua watu 34, baada ya miaka mingi ya ubaguzi katika makazi, ajira na mikononi mwa polisi. Mwaka huohuo Karenga, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili na Kiarabu chuoni, alishiriki kuunda chama kilichoitwa Us. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyenyang'anywa lugha, majina, ngoma na kumbukumbu zake hawezi kujikomboa kisiasa tu. Lazima ajenge upya na utamaduni wake. Kwanzaa ya kwanza iliadhimishwa 26 Desemba 1966.

Kunyang'anywa huko kuliandikwa katika sheria. Sheria ya watumwa ya South Carolina ya 1740 ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika, na ikakataza pia wasimiliki wala kupiga ngoma, kwa kuwa mabwana waliogopa kwamba ngoma hupeleka ujumbe. Kwa hiyo ngoma ina uzito wake kwenye Karamu ya Kwanzaa, mlo mkubwa wa jioni ya tarehe 31.

Mbona Kiswahili, wakati mababu zao wengi hawakutoka Afrika Mashariki?

Ni kweli hawakutoka huku. Wengi walitoka Senegambia, Sierra Leone, pwani ya Ghana ya leo, ghuba ya Biafra, Kongo na Angola. Hapo ndipo penye sababu. Mmarekani Mweusi wa 1966 hakuwa na njia ya kujua kama babu yake alikuwa Mwakan, Mwigbo au Mkongo. Kuchagua lugha ya kabila moja la Afrika Magharibi kungekuwa kubahatisha ukoo. Kiswahili kilikuwa lugha inayozungumzwa na watu wa makabila mengi, katika nchi kadhaa, na hakuna kabila linaloweza kusema ni lake peke yake.

Siasa nayo ilichangia. Tanzania ya miaka ile ilikuwa kimbilio la wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Malcolm X, mtetezi mashuhuri wa haki za Wamarekani Weusi, alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 na kuonana na Mwalimu Nyerere. Wamarekani Weusi kadhaa walihamia Tanzania baada yake, na Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika Dar es Salaam. Kwa kizazi kile, Kiswahili kilikuwa lugha ya nchi ya Kiafrika inayojiamulia mambo yake, tena inayoendesha bunge lake na shule zake za msingi kwa lugha hiyo.

Jina limetoka wapi, na kwa nini lina "a" mbili mwishoni?

Limetoka katika "matunda ya kwanza", kwa kuwa sikukuu iliigwa kutoka kwenye sherehe za mavuno ya kwanza za Kiafrika: Incwala ya Waswazi, Umkhosi wa Wazulu, Odwira ya Waakan, sikukuu ya viazi vikuu ya Waigbo. Herufi ya saba iliongezwa kwenye sherehe ya mwanzo, ambako watoto saba walitaka kila mmoja awe na herufi yake. Basi usiwasahihishe, jina sasa ni lao na ndivyo linavyoandikwa.

Nguzo Saba ni zipi?

Umoja (26 Desemba), Kujichagulia (27), Ujima (28), Ujamaa (29), Nia (30), Kuumba (31) na Imani (1 Januari).

Nyingi zinajieleza kwa msemaji wa Kiswahili, ila tatu zinahitaji neno la ziada. Kujichagulia, kama wanavyoitumia, ni haki ya watu kujipa jina wenyewe, kujieleza wenyewe na kujisemea, badala ya kusemewa na aliyewatawala. Kwa fikra za ukombozi hii ndiyo nguzo nzito kuliko zote, nayo ndiyo inayopitwa haraka mno kwenye hafla nyingi. Ujima ni ule tunaoujua vijijini, watu kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Kwao umepanuliwa ukawa kulichukua tatizo la jirani kuwa letu sote. Kuumba ni kuiacha jamii ikiwa nzuri kuliko tulivyoirithi, kwa sanaa, kwa usafi wa mtaa, hata kwa kupanda miti.

Ujamaa huu ni ule wa Nyerere?

Una undugu nao, lakini si uleule. Nyerere aliandika juu ya ujamaa mwaka 1962, na neno hilo lilikwisha kuvuka bahari kabla ya Kwanzaa. Mara nyingi husemwa kwamba Kwanzaa ilifuata Azimio la Arusha. Tarehe zinakataa, kwa sababu Azimio lilitangazwa 5 Februari 1967, wiki chache baada ya Kwanzaa ya kwanza.

Tofauti kubwa iko kwenye mshika usukani. Tanzania ilikuwa na dola, na kwa dola hiyo ikataifisha mabenki na viwanda. Wamarekani Weusi hawakuwa na dola. Ujamaa wa Kwanzaa ni wao kujenga na kutunza maduka, vyama vya ushirika na biashara zao, na kufaidika navyo pamoja.

Mezani vinatakiwa vitu gani?

Saba vya msingi: mkeka, mazao, kinara (cha kusimamishia mishumaa), mishumaa saba, muhindi (gunzi la mahindi), kikombe cha umoja na zawadi. Viwili huongezwa: bendera nyeusi, nyekundu na kijani, na bango lenye Nguzo Saba. Rangi hizo zinatokana na bendera ya chama cha Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu Weusi duniani, iliyopitishwa New York mwaka 1920.

Mkeka hutangulia, kwa kuwa ndio msingi, na vingine vyote hukaa juu yake. Wa sentimita 60 kwa 90 unatosha meza ya kawaida. Mkeka wa ukili kutoka Zanzibar, Pemba au Lamu ni bora kuliko wa plastiki, na ni nafasi ya kumpa mkono msusi wa nyumbani. Ila ukili ni majani makavu, na juu yake unaweka moto saba! Weka kwanza sinia ya bati, ya shaba au kigae chini ya kinara, kipana kupita ncha za kinara kwa sentimita 5 kila upande, na uache nafasi ya sentimita 30 au zaidi kati ya mwale na pazia, bendera au bango.

Mazao yawekwe kwenye kapu au bakuli la mti. Chagua yanayostahimili siku saba ndani ya nyumba yenye joto: viazi vitamu, boga, nazi, njugu, machungwa, malimau. Ndizi mbivu huwa nyeusi siku ya tatu na kuleta vijidudu vya matunda. Ukizitaka, zinunue zikiwa bado mbichi.

Muhindi ni gunzi lenye punje, moja kwa kila mtoto wa nyumba hiyo. Nyumba isiyo na mtoto nayo huweka, kwa sababu watoto ni wa jamii nzima. Mkono mmoja haulei mwana. Kosa la kawaida ni kununua mahindi mabichi ya dukani na kuyaweka na maganda yake: siku ya nne yana ukungu. Mahindi makavu ya rangi huuzwa kwa wingi Oktoba na Novemba kama mapambo ya msimu wa mavuno, na Desemba huwa yameadimika. Yanunue mapema, yaweke kwenye friza siku nne ili fukusi wafe, kisha yatundike mahali pakavu. Ukiyatunza hivyo yanatumika miaka kadhaa.

Nitatengenezaje kinara mwenyewe?

Tafuta ubao mgumu wa urefu wa sentimita 60, upana 9 na unene 5. Mti mwepesi hauna uzito wa kutosha na kinara hupinduka mtu akigusa meza. Piga mstari katikati kwa urefu. Tundu la kwanza liwe sentimita 6 kutoka ukingoni, na kila linalofuata sentimita 8 kutoka kwa lililotangulia. Ukifika la saba utakuwa umebakiwa na sentimita 6 upande wa pili. Matundu yakikaribiana chini ya sentimita 7, mishumaa huyeyushana ubavuni na nta humwagika.

Mishumaa mirefu inayouzwa Marekani huwa na kitako cha milimita 22 hivi. Toboa kwa keekee ya milimita 22, kina cha sentimita 2.5. Usiuache moto ukutane na mti: weka kikombe kidogo cha chuma ndani ya kila tundu (hapo toboa pana zaidi, kulingana na kikombe), au funika kitako cha mshumaa kwa karatasi ya alumini, ambayo pia huondoa kulegea. Piga msasa na upake mafuta ya kitani wiki mbili kabla. Vanishi mbichi hunuka na kushika moto, basi usiipake siku za mwisho mwisho.

Mishumaa huwekwa mweusi katikati, myekundu mitatu kushoto, ya kijani mitatu kulia. Nyeusi ni watu wenyewe, nyekundu ni mapambano yao, na kijani ni matumaini yanayotokana na mapambano.

Mishumaa inawashwa kwa mpangilio gani?

Siku ya kwanza ni mweusi peke yake, wa Umoja. Myekundu hubeba Kujichagulia, Ujamaa na Kuumba. Ya kijani hubeba Ujima, Nia na Imani. Ukifuata siku, basi, unakwenda mwekundu, kijani, mwekundu, kijani hadi mwisho. Zipo familia zinazomaliza myekundu yote kwanza. Ukiwa mgeni fuata ya mwenyeji. Mara nyingi mtoto ndiye huwasha, mkubwa akiwa pembeni.

Kila jioni iliyowashwa jana huwashwa tena pamoja na wa leo. Maana yake mweusi huwaka siku zote saba, wa pili siku sita, hadi wa mwisho siku moja. Hapo ndipo wengi hukwama. Mshumaa wa sentimita 25 huungua kama sentimita 2.5 kwa saa, yaani saa 10 jumla. Ukiuacha saa moja kwa siku tano, kisha saa nne usiku wa Karamu, tarehe 1 Januari umebaki kipande kisichofika tunduni salama. Seti ya mishumaa kwa kawaida huwa na saba tu, kwa hiyo nunua mweusi wa ziada, na zima yote mazungumzo yakiisha, dakika 20 hadi 30. Zima kwa kifuniko, si kwa kupuliza, nta isirukie mkeka.

Kwenye shule, bweni au ukumbi usioruhusu moto, mishumaa ya betri inafaa kabisa.

Wakiniuliza "Habari gani?" nijibu nini?

Jibu kwa jina la nguzo ya siku. Tarehe 26 jibu "Umoja!", tarehe 29 "Ujamaa!". Msemaji wa Kiswahili ulimi humponyoka "nzuri" kabla hajafikiri, na aliyeuliza hubaki amesimama akisubiri. Si kosa la mtu, ila angalia tarehe kabla hujabisha hodi.

Karamu ya tarehe 31 inaendeshwaje?

Huu ni usiku mkubwa, wa jamii nzima, mara nyingi kanisani, shuleni au ukumbini. Ratiba yake imeandikwa kwa Kiswahili: Kukaribisha, Kukumbuka, ambapo mwanamume, mwanamke na mtoto hutoa tafakuri, Kuchunguza Tena na Kutoa Ahadi Tena, ambapo mzungumzaji mgeni hutoa hotuba, Kushangilia, kisha Tamshi la Tambiko, kikombe cha umoja, kutajwa kwa majina ya waliotangulia, ngoma, chakula, na mwisho Tamshi la Tutaonana. Hufungwa kwa "Harambee!" mara saba, neno ambalo Wakenya walilitumia kujenga shule za kata kwa kata.

Kinachoharibu Karamu nyingi ni hotuba. Watoto wamekaa tangu saa kumi na mbili jioni, mzungumzaji anamaliza saa nzima, chakula kinapoa. Mpe dakika 15 na umwambie hivyo kwenye barua ya mwaliko. Tafakuri tatu za mwanzo ziwe za dakika tatu tatu. Ukianza saa kumi na mbili, watu wale saa mbili kasorobo. Kwa watu 40 wanaoleta chakula kutoka makwao, gawa kwa majina ya koo: theluthi moja wanga, theluthi kitoweo, theluthi mboga na matunda. Usipogawa utapata sufuria tisa za wali.

Tambiko linanitia wasiwasi kama Mwislamu au Mkristo. Nifanye nini?

Wasiwasi huo ni wa haki, kwa maana neno hilo kwetu lina uzito wa mizimu na sadaka. Kinachofanyika pale ni mzee kusema maneno ya kuwaheshimu waliotangulia na kumimina maji au maji ya matunda kwenye chungu cha udongo au mmea. Hakuna kinachochinjwa, na hakuna anayeulizwa imani yake. Mweleze mwenyeji mapema, simama kwa adabu, omba dua yako kimyakimya au sogea pembeni. Wengine huweka mvinyo kwenye kikombe cha umoja; uliza kabla, na waandaaji wenye busara huweka maji tu. Kunywa kikombe kimoja watu 40 kunasambaza mafua, kwa hiyo wengi siku hizi humimina kwenye vikombe vidogo, au mmoja hunywa kwa niaba ya wote.

Zawadi?

Hupewa hasa watoto, kwa kutimiza ahadi walizotoa. Ziwe mbili: kitabu, na kitu cha urithi kama kanga, ngoma ndogo au ramani ya Afrika. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono kinathaminiwa kuliko cha dukani. Mgeni Mswahili anayeleta kitabu cha hadithi za watoto kwa Kiswahili ameleta zawadi bora kuliko zote mezani.

Siku ya Ujamaa huishia kwenye maneno. Tufanyeje iwe ya vitendo?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote. Kujitegemea hakuonekani kwenye mishumaa. Kunaonekana kwenye daftari la hesabu.

Anza na kidogo kinachohesabika. Familia 12, dola 25 kila mwezi, ni dola 300 kwa mwezi na 3,600 kwa mwaka. Tarehe 29 Desemba kubalianeni kazi moja tu ya fedha hizo: vitabu vya darasa la Jumamosi, mtaji wa mwanachama mmoja, au chakula kinachonunuliwa jumla na kugawanywa. Mfuko wenye malengo matano hauna lengo. Andikeni kanuni kwenye ukurasa mmoja: kiasi, tarehe ya kulipa, nani anaidhinisha, mtu akijitoa anarudishiwa nini. Fungueni akaunti ya kikundi, si ya mtu. Marekani benki itataka namba ya EIN (namba ya kodi ya kikundi), ambayo IRS, mamlaka ya kodi ya huko, huitoa bure, pamoja na kanuni zenu. Kila malipo yawe na saini mbili za watu wasio wa nyumba moja. Hesabu zisomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, hata kama kilichobaki ni dola 40.

Mkipendelea upatu, watu 12 kwa dola 100, kila mwezi mmoja huchukua 1,200. Huvunjika kwa njia moja inayojulikana: aliyechukua mapema huacha kulipa. Kwa hiyo wageni wapokee mwishoni, na zamu ipangwe kabla ya mwezi wa kwanza, siyo kwa kubembelezana katikati.

Kuna waliofanikiwa kuliko hapo?

Wapo. Brooklyn, New York, mwaka 1969 ilianzishwa taasisi iliyoitwa The East, chini ya walimu na vijana wakiongozwa na Jitu Weusi, mwalimu aliyekuwa ametoka kwenye mgogoro mkali wa shule za wilaya ya Ocean Hill-Brownsville. Ndani yake kulikuwa na shule, Uhuru Sasa Shule, ambako watoto walijifunza historia ya Afrika na Nguzo Saba pamoja na hesabu na kusoma. Shule haikusubiri mfadhili mmoja. Kulikuwa na duka la vitabu, gazeti, jiko la chakula, usiku wa muziki wa jazi, na ushirika wa vyakula ulioitwa Kununuana. Tamasha walilolianzisha mwaka 1971 kuichangia shule lilikua na kudumu kuliko shule yenyewe, iliyofungwa katika miaka ya 1980.

Newark, New Jersey, kikundi cha mshairi Amiri Baraka kilijaribu kubwa zaidi: jengo la makazi ya nafuu lililoitwa Kawaida Towers. Ujenzi ulianza 1972, wakazi Wazungu wa eneo hilo wakaandamana na kuzuia mafundi, wanasiasa wakageuka, na jengo halikusimama. Ushirika wa vyakula unahitaji wanachama wake tu; ghorofa linahitaji ruzuku, kibali na baraza la mji, na kila mmoja wao anaweza kukukatalia. Ni somo la mpangilio: jenga kwanza kile ambacho hakuna wa nje anayeweza kukifunga.

Nimesikia Karenga aliwahi kufungwa. Ni kweli?

Ni kweli, na anayeuliza asifichwe. Mwaka 1971 alihukumiwa kwa kuwashambulia na kuwafungia wanawake wa chama chake, akatoka gerezani 1975. Yeye amekana na kujiita mfungwa wa kisiasa. Kabla ya hapo, 17 Januari 1969, uhasama kati ya Us na Black Panthers, chama kingine cha Wamarekani Weusi, ulisababisha kuuawa kwa John Huggins na Bunchy Carter katika chuo cha UCLA, na uchunguzi wa Seneti ulikuja kuonyesha kwamba FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilikuwa ikiuchochea uhasama huo kwa makusudi. Karenga baadaye alikuwa profesa katika chuo kikuu cha serikali huko Long Beach.

Wapo wanaoiacha Kwanzaa kwa sababu hiyo, na hawapaswi kubezwa, hasa wanawake. Sisi tunaona kwamba sikukuu hii imekwisha kutoka mikononi mwa mtu mmoja. Imelelewa kwa karibu miaka 60 na akina mama, walimu na makanisa. Lakini Umoja unaohubiriwa mahali ambapo wanawake hawana sauti ni bure, na kikundi chochote kijipime kwa hilo tarehe 26.

Watu husema ni sikukuu ya kubuni. Tuwajibu vipi?

Wana haki, ilibuniwa, na waliobuni hawakuficha. Sabasaba nayo ipo kwa sababu TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na hakuna anayeisusa kwa kuwa haikutoka kwa mababu. Swali la maana ni kama siku hizo zinafanya kazi ziliyokusudiwa.

Je, inafaa kuadhimishwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura?

Hakuna kizuizi, ila huku haina mizizi na hatuoni haja ya kuilazimisha. Ilijengwa kutibu jeraha la watu waliotenganishwa na kwao. Kinachoweza kuvukishwa bahari ni ule utaratibu wa kukaa na watoto mwisho wa mwaka na kufanya hesabu ya tulichojenga wenyewe.

Nimeombwa kusaidia Kiswahili kwenye Kwanzaa ya mtaani. Nianzie wapi?

Usianze na sarufi, na usimsahihishe mtu mbele ya wageni. Omba dakika 20 kabla ya tarehe 26. Fundisha jambo moja: mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wapigishe makofi, ki-NA-ra, u-JI-ma, ku-ji-cha-gu-LI-a. Hilo peke yake hunyoosha matamshi ya nguzo zote saba. Kisha "mkeka" na "nguzo", ambazo ulimi wa Kiingereza hupenda kuzitangulizia irabu. Waambie wafumbe midomo kwa "m", na waseme "ng" kama katika "ngoma".

Baada ya hapo wape maneno ya kutumia nje ya ratiba: karibu, asante, samahani, shikamoo na marahaba. Shikamoo hupendwa sana na wazee wao, wakishajua kwamba ni ya mdogo kwa mkubwa. Ukibaki na muda, soma Tamshi la Tambiko polepole pamoja na mzee atakayelisema, sentensi moja moja, mara tatu, na umwachie umelirekodi kwenye simu yake afanye mazoezi nyumbani.